Mali Bila Daftari

Siku hizi ukifungua nyaraka za Hazina ya Taifa, jina la waziri halitanguliwi na "Profesa" wala "Daktari". Linatanguliwa na herufi nne: FCPA. Wengi wetu huziruka tu, kama tunavyoruka yale maandishi madogo ya mkopo wa simu. Lakini hadithi nzima imekaa humo. CPA ni mhasibu wa umma aliyefuzu mitihani na kusajiliwa. Hiyo F ya mbele inasema kwamba chama cha wahasibu nchini, ICPAK, kimempandisha mwenye jina hadi daraja lake la heshima. Kwa lugha ya mtaa: huyu mtu anajua hesabu, na wenzake wa kazi wamekubali kwamba anazijua.

Mwenye herufi hizo ni John Mbadi Ng'ongo, mwana wa Gwassi, Kaunti ya Homa Bay. Mwaka wa 2007 alichaguliwa mbunge wa Gwassi kwa tiketi ya ODM. Mwaka wa 2013 eneo hilo likaitwa Suba Kusini, naye akarudi bungeni. Akawa mwenyekiti wa chama, jakom kama wasemavyo kwao. Akawa Kiongozi wa Wachache katika Bunge la Taifa, kisha mbunge wa kuteuliwa, kisha mwenyekiti wa kamati inayokagua matumizi ya serikali. Agosti 2024 akaapishwa kuwa Waziri wa Fedha na Mipango ya Uchumi. Yaani mtu aliyekuwa akiuliza "pesa zilienda wapi?" sasa ndiye anayeulizwa.

Swali langu ni rahisi. Mtu aliyefunzwa kukagua vitabu akipewa vitabu vyenyewe avishike, kinachobadilika ni vitabu au ni yeye?

Ili kulijibu, tuanzie Rangwe.

Rangwe ni jirani, ndani ya kaunti hiyohiyo, na kwa siasa za Ziwa ni mahali pazuri pa kujifunzia watu wanataka nini kwa kiongozi. Leo eneo bunge hilo lina wadi nne: Kochia, Kagan, Gem Mashariki na Gem Magharibi. Kabla ya mipaka mipya ya 2013 lilikuwa kubwa zaidi, hata mji wenyewe wa Homa Bay ulikuwa ndani yake. Humo ndimo ilimo Asumbi, misheni ya Wakatoliki yenye shule ya wasichana na chuo cha walimu ambavyo vimetoa wasomi kwa vizazi. Sasa tazama waliopelekwa bungeni. Mwaka wa 1997 alikuwa Shem Ochuodho, daktari wa sayansi ya kompyuta na mmoja wa waliohangaika kuileta intaneti Kenya wakati wengi hawajawahi hata kuona kipanya. Mwaka wa 2002 akawa Philip Okundi, mhandisi. Mwaka wa 2017 akawa Lilian Gogo, daktari wa sayansi ya chakula, ambaye alirudishwa tena 2022. Kompyuta, uhandisi, chakula. Ni kama watu wanasoma CV kabla ya kusoma manifesto.

Mapenzi haya ya makaratasi hayakuanza jana. Enzi za mkoloni, eneo lote hili la kusini mwa Ziwa liliitwa Kavirondo Kusini, na makao makuu ya utawala yalikuwa Kisii. Baadaye likaja jina la Nyanza Kusini, wilaya kubwa yenye makao Homa Bay, ambayo ndiyo mama wa kaunti mbili za leo, Homa Bay na Migori. Kwa mtu wa kijijini wa wakati huo, serikali haikuwa bendera wala hotuba. Serikali ilikuwa karani mwenye kitabu. Karani ndiye aliyehesabu nyumba zako, akaandika kodi unayodaiwa, akakukatia risiti. Ukiandikwa kwamba umelipa, umelipa. Usipoandikwa, hata kama ulitoa ng'ombe, hujalipa. Familia zikajifunza somo moja haraka: katika dunia hii mpya, mwenye kushika kalamu ana nguvu kuliko mwenye kushika mkuki. Peleka mtoto shule.

Na watoto walienda. Pwani hii ya Ziwa imetoa watu wawili ambao walibishana kuhusu fedha za taifa kabla Mbadi hajazaliwa, na inafaa kuwakumbuka maana ugomvi wao haujaisha.

Wa kwanza ni Tom Mboya, ambaye kwao ni Kisiwa cha Rusinga, si mbali na milima ya Gwassi. Alianza kazi kama mkaguzi wa afya katika jiji la Nairobi, akaingia vyama vya wafanyakazi, na kufikia mwisho wa 1964 alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo. Wizara yake ndiyo iliyotoa ile karatasi maarufu ya serikali, Waraka Nambari 10 wa 1965, kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Ndani yake kuna wazo ambalo wanahistoria hawachoki kulirudia: kwamba fedha za maendeleo ziende kwanza kule ambako zitazaa haraka, penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara, penye watu walio tayari kupokea maendeleo. Faida ikipatikana, ndipo wengine wagawiwe. Ukiwa Nyeri, hiyo ni habari njema. Ukiwa Lambwe, ambako mbung'o walikuwa wakiua watu na mifugo kwa malale, umeambiwa usubiri.

Wa pili alikuwa mchumi kijana aliyetoka masomoni Marekani, mwenye asili ya Kanyadhiang, karibu na Kendu Bay. Mwaka huohuo wa 1965 aliandika makala katika jarida moja la Afrika Mashariki akiukosoa waraka ule, akiuliza nani hasa atafaidika na kwa nini serikali inaogopa kuzungumzia mgawanyo wa mali waziwazi. Jina lake lilikuwa Barack Obama. Ndiyo, baba yake yule.

Kwa hiyo kaunti moja ilitoa waziri wa mipango na mkosoaji wake katika mwaka mmoja. Mboya aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Obama mzee alifariki 1982 baada ya ajali ya barabarani. Wizara ya mipango ikapita mikono mingi hadi ikaunganishwa na Hazina, na miaka 55 baada ya kifo cha Mboya mtu wa jirani na Rusinga akaingia ofisini akiwa na vyote viwili, fedha na mipango.

Sasa kuhusu huo uhasibu. Mbadi si mchumi wa nadharia. Alisomea biashara Chuo Kikuu cha Nairobi na akapitia njia ambayo vijana wengi wa Kenya wanaijua kwa machungu yake: mitihani ya Kasneb. Bodi hiyo iliundwa 1969. Kabla yake, aliyetaka kuwa mhasibu kamili kwa kawaida alitegemea vyama vya Uingereza, na taaluma yenyewe ilikuwa mikononi mwa Wazungu na Wahindi. Sheria ya Wahasibu ya 1977 ndiyo iliyofungua mlango wa kuanzishwa kwa ICPAK mwaka uliofuata. Tangu hapo karani wa ofisi ndogo mjini aliweza kufanya kazi mchana, kusoma usiku, kufanya sehemu moja ya mtihani, kufeli karatasi mbili, kurudia, na baada ya miaka kadhaa kuandika herufi tatu mbele ya jina lake. Haikuhitaji baba mwenye shamba la kahawa. Ilihitaji uvumilivu na kikokotoo.

Ukimuuliza yeyote aliyepita pale atakuambia somo la kwanza ni lilelile: kila jambo linaandikwa mara mbili. Pesa zikitoka hapa, lazima zionekane zimeingia mahali. Usipoona upande wa pili, kuna mtu anakudanganya, au umekosea, na kazi yako ni kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Siasa, kwa upande wake, huandika mara moja tu. Huandika ahadi.

Mbadi hakuwa mhasibu wa kwanza kuwa mwanasiasa mkubwa Kenya. Amos Kimunya aliyewahi kuongoza ICPAK alikuwa Waziri wa Fedha kuanzia 2006. Julai 2008 Bunge lilipitisha hoja ya kutokuwa na imani naye kuhusu uuzaji wa hoteli ya Grand Regency, akakaa kando, ingawa baadaye alirudi katika baraza la mawaziri akiwa na wizara nyingine. Wycliffe Oparanya, aliyekuwa gavana wa Kakamega na sasa Waziri wa Ushirika, naye ni mhasibu. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba taaluma peke yake ni dawa. Mtu anaweza kuijua leja vizuri mno na bado leja ya umma ikamshinda, au yeye akaishinda.

Miaka ya Mbadi bungeni inaonyesha mvutano huo vizuri. Aliingia Januari 2008, nchi ikiwa inawaka moto baada ya uchaguzi. Tangu 2014 alikuwa mwenyekiti wa ODM, chama cha Raila Odinga, na wakati huo upinzani ulikuwa ukipiga kelele kuhusu mabilioni ya Eurobond, ile hati ya kwanza ya mkopo wa kimataifa ambayo Kenya iliuza 2014. Baada ya uchaguzi wa 2017 akawa Kiongozi wa Wachache. Kazi ya kiti hicho ni kuibana serikali. Ila tarehe 9 Machi 2018 Raila na Uhuru Kenyatta wakasalimiana pale Harambee House, na ghafla upinzani ukawa haujulikani unampinga nani. Miezi sita baadaye kodi ya VAT ya asilimia 8 ikaingia kwenye mafuta. Bei ya petroli ikapanda, nauli ya matatu ikafuata, na mwananchi akitafuta upinzani bungeni aliukuta umeshikana mkono na serikali.

Hapo ndipo unaona tofauti kati ya mhasibu na kiongozi wa chama. Mhasibu huuliza kama hesabu inafunga. Kiongozi wa chama huuliza kama jakom mkubwa amekubali. Mtu mmoja anaweza kuwa wote wawili, lakini si katika kura moja.

Mwaka wa 2022 ukaja mtihani wa nyumbani. Mbadi alitaka ugavana wa Homa Bay. Gladys Wanga, aliyekuwa mwakilishi wa wanawake wa kaunti, aliutaka pia. Chama kikaamua kuelewana badala ya kupigana, na Mbadi akamwachia. Wanga akawania, akamshinda Evans Kidero aliyekuwa mgombea wa kujitegemea, akawa gavana. Mbadi, ambaye hakutetea kiti chake cha Suba Kusini, akaingia bungeni kwa orodha ya kuteuliwa ya chama. Kwa hesabu ya kawaida ya siasa za Kenya, huo ni mwisho wa safari: mtu ameachia ugavana, hana eneo bunge, hana watu wa kumpigia kura moja kwa moja. Lakini uteuzi huo ulimpa kitu kinachomfaa mhasibu kuliko ugavana. Alipewa uenyekiti wa Kamati ya Uhasibu wa Umma, PAC.

Wacha niieleze PAC vizuri maana wengi wetu tunaijua kwa klipu za mheshimiwa akimfokea katibu wa wizara. Katiba ya 2010, kifungu cha 229, inamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akague vitabu vya serikali na kutoa ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha. Ripoti ikifika bungeni, PAC inawaita makatibu wa wizara mmoja mmoja. Kwa nini makatibu na si mawaziri? Kwa sababu kisheria katibu ndiye mwenye saini, ndiye afisa mhasibu. Anaulizwa: hapa Mkaguzi anasema masurufu hayakurejeshewa risiti, iko wapi? Hapa mmelipa mwanakandarasi asilimia 70 na jengo limefika msingi, nani alitia saini? Ardhi hii haina hati, mliinunua kwa nani? Kwa kanuni za Bunge, uenyekiti huenda kwa upande wa wachache, ili paka asiwekwe kulinda samaki wake mwenyewe.

Kwa karibu miaka miwili Mbadi aliketi kwenye kiti hicho, akisoma ripoti za Nancy Gathungu, Mkaguzi Mkuu wa sasa. Kama kuna mahali ambapo elimu ya Kasneb ina maana katika siasa, ni hapo. Mwanasiasa wa kawaida husoma kichwa cha habari cha ripoti. Mhasibu huenda moja kwa moja kwenye maelezo ya mwisho, kule kwa herufi ndogo, maana anajua ndiko watu huficha vitu.

Kisha ikaja Juni 2024, na Wakenya wakawa wakaguzi wote.

Sihitaji kuwasimulia sana, mlikuwepo. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi. Ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, na tozo ya mazingira ambayo ingegusa hadi taulo za hedhi na nepi. Kilichokuwa kipya si hasira. Kenya haijawahi kukosa hasira. Kipya ni kwamba vijana waliusoma mswada wenyewe. Wakautafsiri katika lugha za nyumbani, wakauchambua kifungu kwa kifungu kwenye mijadala ya X hadi usiku wa manane, wakatengeneza hata programu ya akili mnemba ya kuujibia maswali. Mtu ambaye hajawahi kumiliki gari alijua kifungu cha kodi ya magari. Tarehe 25 Juni wakaingia bungeni. Risasi zikapigwa. Kesho yake Rais William Ruto akasema hatautia saini. Kwa hesabu ya Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, waliouawa katika maandamano ya miezi hiyo hawakupungua 60. Hiyo ni namba ambayo haina upande wa pili kwenye leja. Haifungi.

Julai, Rais akalivunja karibu baraza lote la mawaziri. Profesa Njuguna Ndung'u, mchumi na gavana wa zamani wa Benki Kuu, akaondoka Hazina. Tarehe 24 mwezi huohuo majina ya ODM yakasomwa: Hassan Joho, Oparanya, Opiyo Wandayi, na Mbadi kwa Hazina. Kuna waliosema ni usaliti, kwamba damu haijakauka na upinzani umeshaingia jikoni. Kuna waliosema, hasa kule Ziwa, kwamba mwishowe na sisi tumeshika funguo. Mimi naona jambo moja zaidi ambalo halikusemwa sana. Vijana walikuwa wamedai hesabu, na serikali ikajibu kwa kuleta mhasibu. Ama ilikuwa imesikia, ama ilijua jinsi ya kuonekana imesikia.

Katiba haimruhusu waziri kuwa mbunge, kwa hiyo akaachia kiti chake, na uenyekiti wa chama ukaenda kwa Wanga. Akakuta nini ndani ya jumba? Siku chache kabla, Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeifuta Sheria ya Fedha ya 2023. Mahakama ya Juu iliirudisha Oktoba, lakini kwa miezi mitatu Hazina ilikuwa ikikusanya kodi juu ya ardhi inayotikisika. Deni la taifa, ambalo leo limepita shilingi trilioni 11, lilikuwa likila zaidi ya nusu ya mapato ya kodi kabla mwalimu mmoja hajalipwa. Desemba 2024 baadhi ya mambo ya ule mswada uliokufa yalirudi kupitia sheria nyingine za kodi, na wengi waliokuwa barabarani Juni wakasema tulijua tu. Juni 12, 2025 Mbadi alisoma bajeti yake ya kwanza, karibu trilioni 4.3. Mswada wa Fedha uliofuatana nayo ulikuwa mpole ukilinganisha na ule wa mwaka uliotangulia. Hata hivyo ulikuwa na kifungu cha kuiruhusu KRA kuchungulia data za wafanyabiashara na wateja wao bila kinga iliyokuwepo, na wabunge wakakikataa. Mnaona? Mswada bado unasomwa.

Lakini siku ambayo mhasibu alionekana wazi zaidi kuliko mwanasiasa ilikuwa Julai 2025, mbele ya kamati ya Bunge inayoshughulikia elimu. Kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa anapaswa kupata mgao wa shilingi 22,244 kwa mwaka kutoka kwa serikali. Mbadi akawaambia wabunge kwamba fedha zilizopo zinatosha kama 16,900 tu. Basi. Hakuzunguka. Nchi ikalipuka: serikali imefuta elimu ya bure! Ikabidi wakubwa watoke kuwahakikishia wazazi kwamba hakuna kilichofutwa.

Hebu tupige hesabu wenyewe. Tofauti ni shilingi 5,344 kwa mtoto. Chukua shule ya kutwa ya wanafunzi 400, mfano wa zile unazozipita ukienda Rangwe. Pengo ni 2,137,600 kwa mwaka. Hizo ndizo pesa za kemikali za maabara, mshahara wa mpishi na mlinzi, na posho za walimu wa BOM wanaofundisha masomo ambayo serikali haijaleta mwalimu. Mwalimu mkuu ana njia tatu: akope kwa muuza mahindi, awatoze wazazi kwa jina lingine, au awarudishe watoto nyumbani. Nami nilitoka chuo mwaka wa pili kwa sababu salio la ada lilikuwa kubwa kuliko mkopo, kwa hiyo najua namba ya aina hii inavyotua mezani kwa mzazi. Haifiki kama asilimia. Inafika kama mtoto mlangoni saa nne asubuhi na begi lake.

Je, Mbadi alikosea kusema? Kisiasa, pengine. Kihasibu, alifanya lile ambalo mawaziri wa kabla yake walikwepa. Pengo halikuzaliwa siku ile. Walimu wakuu walikuwa wakilalamika kwa miaka kwamba mgao unafika pungufu na umechelewa. Yeye aliliandika tu. Na wakati huohuo, kuliandika si kuliziba. Waziri wa fedha si mtazamaji. Akisema hakuna 22,244, mzazi wa Kochia ana haki ya kuuliza ni kitu gani kilichopewa pesa kabla ya mtoto wake, na nani aliamua. Hapo ndipo Waraka Nambari 10 unapofufuka: swali bado ni nani asubiri.

Kuna mageuzi mawili ambayo hayana mvuto kwa kamera ila yanaweza kubaki kuliko hotuba zake zote. La kwanza ni namna serikali inavyoandika vitabu. Kwa miaka mingi Kenya imeweka hesabu kwa msingi wa taslimu: pesa inaandikwa inapotoka mkononi tu. Maana yake, ukimwagiza fundi ajenge daraja na usimlipe, kwenye kitabu daraja halijagharimu kitu. Fundi anauziwa nyumba na benki, serikali inaonekana haina deni naye. Sasa nchi inahamia mfumo unaoandika deni siku linapozaliwa, kazi itakayochukua miaka. La pili ni ununuzi wa umma kupitia mfumo wa kidijitali, ambao Hazina ilitaka uanze kutumika kila mahali Julai 2025. Magavana walipinga, kesi zikaenda mahakamani. Baadhi ya hoja zao zina maana, mitandao kule mashinani ni ya kubahatisha. Lakini mnajua pia kwa nini zabuni ya karatasi inapendwa. Karatasi hupotea.

Raila alifariki Oktoba 2025, na mkataba wa kisiasa uliomleta Mbadi Hazina ukabaki bila mwenyewe. Wanasiasa wameanza kuhesabu kura za 2027. Katika hesabu hizo herufi nne za mbele ya jina hazina uzito mkubwa. Watu wataulizwa wako upande gani.

Ila wazee wa Kiswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na tunaisoma vibaya methali hii. Tunadhani inasema daftari huzuia mali kupotea. Haisemi hivyo. Mali inaweza kupotea na daftari likiwa mezani, na mwenye daftari akiwa na shahada zote. Inachosema ni kwamba bila daftari hutapata hata habari. Kazi ya daftari ni habari. Kinachofuata baada ya habari si kazi ya mhasibu peke yake, ni ya wenye mali.

Yule karani wa Kavirondo Kusini alishika kitabu ambacho mlipa kodi hakuruhusiwa kukifungua. Hicho ndicho kilichobadilika. Ripoti za Mkaguzi Mkuu ziko kwenye tovuti yake, bure, kaunti kwa kaunti, hadi mfuko wa eneo bunge lako. PAC ina mwenyekiti mwingine sasa, na makatibu wa Hazina ya Mbadi wanaketi upande ule wa meza ambao yeye alikuwa akiutazama. Vitabu vya miaka yake vitaletwa mbele yao kwa zamu. Anza na ukurasa wa eneo bunge lako. Ukifika kwa herufi ndogo, usiruke.